Mume wa Dorothy: Maisha ya Mwalimu Pankras Baltazar Kinunda

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, na wote mliopanda na kushuka milima kuja Lihimba, poleni na safari. Wasifu huu umeandikwa na familia, na anayeusoma ni Ida, binti wa kwanza wa marehemu. Mwenyekiti wa kigango cha Katoliki, ndugu Tarsisi, alifika juzi kuomba mambo mawili: wasifu uwe mfupi, na habari za ndoa zirukwe ili yasizuke maswali mbele ya jeneza. Familia ilimsikiliza, ikamshukuru, ikampa chai. Wasifu si mfupi, na habari za ndoa zimo zote. Hakuna namna ya kumweleza Mwalimu Pankras ukamruka Dorothy. Katika utu uzima wake wote alikuwa na haja moja, na kila aliyesali naye aliijua: apokee Ekaristi katika Kanisa lake huku akiwa mume wa Dorothy. Haja hiyo imekwenda naye.

Mwalimu alizaliwa Ukata tarehe 12 Mei 1927, siku ya Mtakatifu Pankrasi, na padre aliyembatiza hakuhangaika kutafuta jina. Baba yake, Baltazar Kinunda, alikuwa miongoni mwa Wamatengo wa mwanzo kupanda kahawa upande ule. Mama yake, Rosina, alilima ngoro, kilimo cha mashimo mteremkoni, mpaka uzee ukamnyang'anya jembe. Nyumbani kwao bado walikuwa na sengu, ile desturi ya wanaume wa ukoo kula pamoja kwa mkubwa wao na kumaliza mashauri palepale. Mwalimu alipenda kusimulia kwamba kwenye sengu ya babu yake hakuna aliyenyimwa ugali kwa sababu ya kosa. Mwenye kosa alinawa kama wengine, akamega kama wengine, na kosa lake akaambiwa mdomo ukiwa umejaa, asiweze kujibu upesi. Babu aliona kwamba mtu mwenye njaa haonyeki. Mtoto aliyekulia hapo aliamini dunia yote inakwenda hivyo.

Alisoma shule ya misheni huko milimani, akitembea na chakula chake mgongoni, na alikuwa hodari wa hesabu na wa Kilatini cha kuitikia Misa. Baba yake alitaka abaki na kahawa. Mama Rosina ndiye aliyesema kwamba kahawa inaweza kusubiri mikono mingine, bali kichwa cha mtoto huyu hakisubiri. Mwaka 1947 aliingia chuo cha ualimu cha misheni na kuhitimu mwishoni mwa mwaka 1948. Januari 1949, akiwa na sanduku la mbao na rozari ya mama yake, aliteremka mpaka hapa ziwani kuanza kazi katika shule ya misheni ya Lihimba. Alikuwa hajawahi kuona maji mengi namna hiyo. Alituma salamu nyumbani kwamba amefika salama na kwamba ziwa halina ng'ambo.

Wazee wa hapa walimpokea kwa kumcheka. Walikuta mwalimu kijana akiwapanga wanafunzi kwenye mteremko nyuma ya shule, anawafyekesha nyasi, wanazilaza nyasi hizo katika miraba, wanazifukia kwa udongo unaochimbwa katikati, mpaka mlima mzima ukawa umejaa mashimo. Ngoro watu wa milimani wanaijua tangu mababu, lakini watu wa ziwani walikuwa na mihogo yao kwenye mchanga na hawakuona sababu ya kuutoboa mlima. Bibi mmoja alimwuliza kama anawachimbia panya makaburi. Mwalimu alijibu kwa Kiswahili cha shuleni kwamba mvua ndiyo inayochimbiwa kaburi, ili isiondoke na udongo. Mvua kubwa ya mwaka 1951 ilipoteremsha mashamba ya jirani hadi ziwani, mahindi ya shule yalibaki yamesimama. Baada ya hapo walimcheka kwa upendo.

Aliyemcheka kuliko wote alikuwa Dorothy, binti wa Mzee Stephano, mvuvi na mzee wa kanisa la Anglikana. Alipita chini ya shamba la shule na beseni la usipa kichwani, akamwambia mwalimu kwamba kama mashimo yale ni ya kuficha samaki, yeye anao. Mwalimu, mtu wa kunyamaza, alibaki ameshika jembe. Ilimchukua miaka mitatu kupata la kumjibu, na jibu lenyewe alilipeleka kwa wazazi wake.

Basi hapa ndipo ilipo habari tuliyoombwa tuiruke. Mzee Stephano alikubali mahari na akamkubali mkwe, ila aliweka sharti moja: binti yake ataozwa na kanisa lililombatiza, hatahamishwa dini kama mbuzi anayebadilishwa kamba. Padre wa wakati huo, mmisionari, naye aliweka lake: mwanamke aingie Ukatoliki kwanza, la sivyo hakuna ndoa. Vijana walikaa kati ya mafahali hao wawili wakizidi kuzeeka. Tarehe 1 Oktoba 1955, siku ya Jumamosi, Pankras na Dorothy walifunga ndoa katika kanisa la Anglikana, mbele ya kasisi, ndugu na watu wasio na hesabu. Walifunga ndoa. Ida anarudia kwa wale walioko nyuma: walifunga ndoa.

Jumapili iliyofuata Mwalimu alikwenda Misa kanisani kwake kama kawaida. Padre alimwita kando akamwambia hawezi tena kupokea Komunyo, kwa kuwa mbele ya Kanisa anaishi na mwanamke asiye mke wake. Ataipokea siku watakapotengana, au siku Dorothy atakapobatizwa upya na kufunga ndoa upya. Mwalimu alimpelekea Dorothy maneno hayo bila kuongeza chumvi. Dorothy alisema, "Mimi nimebatizwa mara moja na nimeolewa mara moja. Nikirudia, watoto nitakaowazaa nitawaambia walizaliwa lini?" Mwalimu hakumsukuma tena. Alirudi kanisani, akakaa benchi la mwisho kabisa karibu na mlango, na hapo ndipo alipokaa maisha yake yote.

Kazi nayo ikaenda. Shule ilikuwa ya misheni, na misheni haikutaka mwalimu mwenye ndoa ya namna hiyo mbele ya watoto. Alifukuzwa Desemba ya mwaka huohuo. Miaka miwili alivua na mkwe wake, mtu wa milimani anayetapika kila mawimbi yanapoinuka, mpaka serikali ya wenyeji ilipomwajiri kufundisha Namswea mwaka 1958. Huko ndiko walikozaliwa Ida, Stephano, Eunice na Glorious. Ida alipopelekwa kubatizwa kanisani kwa baba yake alikataliwa kama mtoto wa nje, akapelekwa kwa mama yake akapokelewa, na wadogo zake hawakuhangaishwa tena kugonga mlango wa kwanza. Shule zilipofanywa za umma, Mwalimu alirudishwa Lihimba, Januari 1970, safari hii kama mwalimu mkuu wa shule ileile iliyomfukuza. Hakulipiza kisasi kwa mtu yeyote. Wanawe walisikitika kidogo kwa hilo.

Wengi mliopo hapa mmepita mikononi mwake. Mnamkumbuka na fimbo yake ya mlonge aliyopenda kuitikisa kuliko kuitumia, na neno lake la kila siku: kuuliza si ujinga. Darasani kwake mtoto aliyenyoosha mkono kuuliza alisifiwa kuliko aliyejibu. Alistaafu tarehe 30 Juni 1982. Siku alipostaafu, kigango kilimwomba afundishe mafundisho ya Komunyo ya kwanza, kwa kuwa katekista alikuwa mmoja na watoto ni wengi. Akakubali. Kila Jumamosi aliwaeleza watoto wa wenzake namna ya kupokea mwili wa Bwana, mikono ikae vipi, moyo ukae vipi. Jumapili alikaa benchi la mwisho akiwatazama wanavyosogea. Mwenyekiti Tarsisi alifundishwa na yeye, na watoto wa mwenyekiti walifundishwa na yeye. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

Watoto wengine walifundishwa somo jingine kwa kupitia yeye, bila yeye kuwepo. Kijana akionekana na binti wa kanisa jingine, wazazi walimwambia: ukioa huko utakaa mlangoni kama Mwalimu. Alifanywa kielelezo. Alijua, na hakuwahi kulalamika. Ida alilalamika kwa niaba yake mara nyingi, na anaendelea.

Jumapili za nyumba hiyo zilikuwa na utaratibu wake. Mwalimu na mkewe walitoka pamoja asubuhi, yeye na koti lake la kaki, mama na kanga zake zilizopigwa pasi, mpaka kwenye njia panda ya mnazi uliokatika. Hapo waliagana, mmoja akapanda kushoto, mwingine akashuka kulia. Aliyetoka wa kwanza alimngoja mwenzake palepale, wakarudi pamoja wakihadithiana mahubiri na kuyakosoa. Kabla ya hapo Mwalimu hakutia kitu kinywani, hata maji. Alifunga tangu usiku kama Wakatoliki wa zamani, na Kanisa lilipolegeza sharti hilo yeye hakulegeza. Dorothy alimwuliza anafunga kwa ajili gani na chakula chenyewe hapewi. Mwalimu alijibu, "Siku watakayonipa, wasinikute nimeshiba." Dorothy hakumwuliza tena, na chai ya Jumapili ikanywewa mchana na nyumba nzima.

Kasisi wa Anglikana alimkaribisha mara nyingi apokee kwao, akimwambia meza ni ya Bwana. Mwalimu alimshukuru kila mara. Alisema njaa yake ina nyumbani kwake, na mtu haendi kula kwa jirani ili kumkomoa mama yake.

Ikaja miaka ya ruksa. Kila mtu aliyekuwa na lori akawa mfanyabiashara. Usipa waliokuwa wanaliwa hapahapa wakaanza kupanda mlima kwa magunia hadi Kitai na Songea, na mitumba ikateremka kwa njia hiyohiyo. Milimani chama cha ushirika kilidhoofika, wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao, na ndugu wa Mwalimu huko Ukata walifurahia bei ya msimu mmoja na kujutia ya iliyofuata, wengine hata wakang'oa mikahawa. Kigangoni palipauliwa bati jipya kwa michango ya wenye malori. Mabenchi ya mbele yakapata wenyewe. Kuna waliosogea kupokea kila Jumapili, mikono imekunjwa vizuri kama Mwalimu alivyowafundisha, na nyumba ya pili iko Kitai na watoto wake ndani. Hatutaji mtu, kwa sababu wa Kitai anajijua. Nyumba ya pili haikuandikishwa kanisa lolote, kwa hiyo haikumzuia mtu. Iliyomzuia Mwalimu ni ile aliyoiingia kwa viapo.

Mwaka 1993 Dorothy aliumwa tumbo, na uvimbe ukaonekana. Ilikuwa miaka ya kuchangia matibabu, mgonjwa anakwenda na glovu zake, sindano zake na pamba yake. Walipanda mlima juu ya lori la usipa, Mwalimu amemshika asiteleze kwenye magunia. Walikwenda na kurudi mara kadhaa. Dorothy alifariki tarehe 9 Machi 1994, katika nyumba hii, asubuhi, baada ya kumwagiza mumewe asisahau kumfunga kuku anayetaga. Alizikwa nyuma ya nyumba, hapo panapomngojea Mwalimu leo.

Siku ya kuanua matanga mwenyekiti Tarsisi alimfuata Mwalimu akiwa amekaa kwenye mkeka na wanaume. Alimpa pole nzuri. Kisha akainama, akamwambia kwa sauti ambayo Ida, aliyekuwa akigawa maji, aliisikia, "Mwalimu, Mungu ana njia zake. Sasa njia imefunguka. Jumapili tutakuona mbele." Hakusema kwa ubaya. Alidhani anafariji. Mwalimu alimtazama muda mrefu kama anavyotazamwa mwanafunzi ambaye umemfundisha miaka mingi na bado hajaelewa, kisha akaomba maji.

Wiki chache baadaye alifika Padre Mansuetus, ambaye alikuwa mgeni parokiani na kijana, pamoja na Katekista Cuthbert. Walikaa sebuleni, Ida akawaandalia samaki wa mbufu na ugali. Padre alieleza kwamba aliyefiwa na mke yuko huru, na akiungama atapokea. Kisha, kwa kutaka kujua tu, akauliza kwa nini kwa miaka yote hiyo hawakuomba kibali. Mwalimu akauliza kibali gani. Padre akaeleza kama mtu anayeeleza jambo la kawaida: tangu mwaka 1970 Kanisa limeruhusu. Askofu anatoa kibali, ndoa inatengenezwa, mke habadili dini, habatizwi tena, hata viapo si lazima virudiwe. Ilitosha kuomba.

 Ida alikuwa na bakuli la samaki mkononi na hakujua aliweke wapi. Mwalimu alimgeukia Katekista Cuthbert, wa rika la wanafunzi wake wa kwanza, na akamwuliza kwa upole, "Cuthbert, wewe ulijua?"

Cuthbert aliweka mikono yote miwili magotini. "Tulifundishwa kwenye semina ya viongozi, Mwalimu. Tulidhani Mwalimu anajua."

Ndivyo ilivyokuwa, na ni kosa ambalo labda watu wa hapa peke yao wanaweza kulitenda. Semina ilikuwa ya viongozi, na Mwalimu hakuweza kuwa kiongozi kwa sababu ya ndoa ileile. Waliorudi na habari waliogopa kumfundisha mwalimu wao. Utamwanzaje mzee wa watu, aliyekufundisha kusoma, kumweleza habari za kitanda chake? Kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kumwambia, na wote wakadhani anajua na ameamua mwenyewe kukaa alipokaa. Mkaiita heshima. Heshima hiyo ilimlaza mtu njaa miaka ishirini na minne, na ilimzika Dorothy akiitwa hawara mbele ya madhabahu ya mume wake. Familia inasema wazi, na inasema mbele ya marehemu: mngemkosea adabu siku moja mkamwambia, angewashukuru maisha yake yote.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli, Mwalimu naye haponi kwenye lawama hii. Mtu aliyewafundisha watoto wa watu kunyoosha mkono, yeye hakunyoosha. Aliambiwa hapana na padre mmoja mwaka 1955, akalibeba hilo hapana kama amri iliyochongwa kwenye jiwe. Mapadre walibadilika, wakaja weusi, Misa ikawa ya Kiswahili, na yeye hakuwahi kumwendea hata mmoja wao kuuliza kama mambo bado ni yaleyale. Ukaidi wa Kimatengo uliovaa koti la utii. Ida alimwambia hivyo jioni ileile, wageni walipoondoka, na aliyasema kwa hasira. Mwalimu alijibu tu kwamba ni kweli.

Tuliobaki tulidhani sasa atasogea. Lakini kabla ya kuondoka siku ile Padre alikuwa ameomba jambo moja, nalo ni la sheria: katika kuungama, atubu kwamba aliishi na mwanamke nje ya ndoa. Mwalimu aliuliza kama ndoa ingeweza kutengenezwa sasa, ili isiwe nje. Padre akasema mmoja akishafariki hakuna kinachotengenezwa. Mwalimu alisema kwamba kwa babu yake mwenye kosa alikula kwanza, kisha akaambiwa. Padre alicheka kidogo, akidhani ni utani wa wazee. Mwalimu alimsindikiza mpaka barabarani.

Jumapili iliyofuata aliamka, akavaa koti lake, akamwambia Ida amtengee chai. Alikunywa kikombe kizima na kiazi juu yake. Kisha akaenda Misa, akakaa benchi la mwisho. Alifanya hivyo kila Jumapili tangu siku ile, naye hakufunga tena. Kigangoni mlisema mzee amekuwa na kiburi, njia imefunguliwa na hataki kupita. Mafundisho ya watoto hakuyaacha. Aliwafundisha mpaka Pasaka ya mwaka 2000, wa mwisho wao wamekaa hapa na sare za shule.

Juni mwaka huohuo alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Alitibiwa, akapata nafuu, akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto kwa kuunakili ubao wa wajukuu. Mei mwaka huu kilirudi na hakikumwachia. Tunawashukuru majirani waliomgeuza kitandani, na Waanglikana wa Lihimba waliotuletea kuni, bila kuulizwa na bila kuuliza.

Jumanne ya tarehe 14 Agosti Padre Mansuetus alifika na Sakramenti shingoni, katika kile kikasha kidogo cha wagonjwa. Ida alitandika kitambaa cheupe na kuwasha mshumaa. Padre hakuwa kijana tena. Miaka saba ya milima hii ilikuwa imempunguza maneno. Alimwambia kwamba hana haja ya maelezo marefu. Aseme tu anasikitika kwa maisha yale, hata kwa kutikisa kichwa, naye atampa. Ida alisimama kwenye upande wa miguu ya kitanda. Alitamani atikise kichwa. Afadhali aseme uongo mdogo, mama angemwelewa, mama angekuwa wa kwanza kumwambia asile njaa kwa ajili yake.

Mwalimu alizungumza kwa shida, mdomo umevutwa upande, lakini kila neno lilisikika. "Padre, natubu kwamba sikuuliza. Hiyo ni dhambi yangu, ilimuumiza mke wangu. Nisamehe hiyo. La Dorothy silitubu. Nikilitubu nitakuwa nimemwacha, na sikumwacha hata siku moja."

Padre alikaa na kikasha mkononi. Alimwuliza tena, kwa upole zaidi, na Mwalimu akafumba macho. Alimsomea sala za wagonjwa, akamfanyia ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Kisha akakifunga kikasha na kuinuka. Ida alimfuata mpaka uani, na pale Padre alisimama bila kumtazama. Alisema, "Dada Ida, sheria si yangu."

Ida alimjibu, "Hata njaa si yako, Padre."

Alikwenda zake, na alichokuja nacho alirudi nacho. Familia haisemi Padre ni mtu mbaya. Alirudi Ijumaa asubuhi peke yake, bila kikasha, akakaa kitandani kwa Mwalimu akimshika ule mkono uliokufa. Hatujui walizungumza nini au kama walizungumza. Mwalimu Pankras Baltazar Kinunda alifariki siku hiyo, tarehe 17 Agosti 2001, saa sita mchana, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Marehemu ameacha watoto wanne: Ida, Stephano aliyeko Mbinga, Eunice na Glorious, wajukuu, na vitukuu wawili, mdogo wake Ephrasia aliyesafiri kutoka Ukata licha ya miguu yake, na wanafunzi ambao hakuna anayeweza kuwahesabu. Alitanguliwa na mke wake, Dorothy. Katika ratiba zilizochapishwa mtaona panasomeka hivyo, mke wake wa ndoa, na mwenyekiti asitafute kalamu. Kigango kimeomba kiongoze sala kaburini na familia imekubali, kwa kuwa Mwalimu hakuwahi kulikataa Kanisa lake. Kuimba mtaimba ninyi. Alipenda mkiimba.

Ee Bwana, kwa miaka arobaini na sita watu walikujibia, na mtumishi wako aliwaamini. Wewe mwenyewe hakukuuliza. Leo anakuja kukuuliza ana kwa ana, na mkewe yuko huko tayari. Umjibu, Bwana, umketishe ale, ndipo apumzike kwa amani.